Haller Park wakati wa kusi: mvua ya dakika kumi isikuharibie siku

Likizo ya Agosti huangukia katikati ya kusi. Joto la mchana Mombasa hufika kama nyuzi 28 tu, upepo ni mtamu, lakini wingu huingia kutoka baharini bila hodi: rasharasha ya dakika kumi, jua, kisha rasharasha nyingine. Wanaoahirisha matembezi kwa sababu asubuhi kumenyesha hupoteza mchana mzuri bure. Mvua za kipupwe hapa pwani hupenda usiku na asubuhi, na ikikaribia adhuhuri aghalabu mawingu yanaanza kukatika. Panga kuingia langoni mwa Haller Park, bustani ya miti na wanyama iliyoko Bamburi, kaskazini mwa mji, saa saba au saa nane, ili saa kumi na moja uwe unatoka. Jua huzama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na chini ya miti giza huwahi zaidi.

Kabla ya kupanda matatu, tazama kusini mashariki. Mvua ya kusi hutoka huko, upande wa bahari ya Likoni na Diani. Wingu jeusi lililo juu ya Changamwe mara nyingi limeshakupita. Ukiwa mjini, mahali pazuri pa kutazamia ni Mama Ngina, ukingo wa bahari wa kisiwa. Bahari ikigeuka rangi ya risasi na mstari wa upeo ukapotea, subiri ipite ndipo uondoke. Ukishaingia Haller Park huoni kitu, maana bustani imekaa ndani ya machimbo ya zamani ya chokaa ya kiwanda cha saruji, chini ya usawa wa barabara, na miti imeziba pande zote. Humo sikiliza: upepo ukipoa ghafla na vilele vya mivinje vikaanza kuvuma, una dakika chache za kutafuta paa.

Tafuta paa, si mti. Majani ya mvinje ni kama sindano. Hayazuii mvua, na manyunyu yakishakatika mti unaendelea kudondosha matone kwa muda. Ndiyo maana unawaona watu wamelowa wakati jua limeshawaka. Unapoingia, muulize mhudumu vibanda viko wapi, kisha panga mzunguko wako uende kutoka kimoja hadi kingine. Radi ni nadra msimu huu, ni mambo ya masika na vuli zaidi, lakini ukisikia ngurumo ondoka chini ya miti uingie jengoni au garini.

Mwavuli unafaa humu kwa sababu shimo linakinga upepo. Mama Ngina, mbele ya bahari, kusi litaugeuza nje ndani mara moja. Huko vaa koti jepesi la mvua. Jinzi iache nyumbani, kwani ikilowa haikauki siku hiyo. Leso mbili za pamba zinatosha kwa kazi zote: moja ya kukalia, ya pili ya kujifunika au kumfutia mtoto. Viatu viwe raba zenye meno chini. Ndara ndizo huangusha watu: vumbi la chokaa likilowa huwa utelezi, na penye kivuli kuna ukungu wa kijani usiouona mpaka umeshaukanyaga. Mzee akiwa nanyi, mshike mkono hapo penye kijani hata kama anasema yuko sawa.

Jua la mawingu huunguza vilevile, na upepo wa kusi unakufanya usihisi. Paka mafuta ya kukinga jua kwanza, yakauke, ndipo upake dawa ya mbu juu yake. Dawa hiyo usingoje magharibi ndipo uipake. Mbu wanaoeneza dengue huuma mchana, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama.

Maji, lita moja na nusu kwa mtu mzima. Chakula kiwe kikavu: kachri, mihogo ya kukaanga, mahamri. Mahamri yapoe kabisa kabla ya kufunikwa, la sivyo mvuke unayalowesha na kufika mchana yamekuwa kama sponji. Ukwaju wa viazi uweke kwenye chupa yake. Tumia kopo lenye kifuniko kinachobana, kwa sababu likishakuwa tupu ndilo litakalohifadhi simu mvua ikianza. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo beba kikapu, na kifunge: tumbili wa bustanini wanajua kufungua. Usisahau kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni.

Mvua ina faida yake, na hapa ndipo nashauri usiharakishe. Ikikatika tu, inama utazame zulia la sindano chini ya mivinje. Utaona majongoo wakubwa weusi wenye miguu myekundu wakitambaa. Upandaji wa miti machimboni ulipoanza mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeongoza kazi hiyo, aliona sindano zikirundikana bila kuoza; majongoo walioletwa humo walizila, na kinyesi chao kikaanza kutengeneza udongo juu ya mwamba mtupu. Jongoo akishtuka hujikunja na kutoa majimaji yanayoacha doa na kuwasha. Mwache apande kijiti, si kiganja, na mtoto aliyemgusa anawe kabla ya kujisugua macho.

Saa za kulisha wanyama ziulize langoni, kisha mengine yote yapange kwa kufuata hizo. Kwa twiga, kausha mkono kwanza: chembe za chakula zikilowa huwa uji na kunata kiganjani. Fungua kiganja chote, vidole vibanane, acha ulimi ufanye kazi yake. Mtoto anayeogopa asilazimishwe. Mpe nafasi atazame kwanza wenzake wakilisha.

Wakati wa kurudi, mvua ikiwa inanyesha, tuktuk hupandisha bei. Patana kabla hujaketi, au vuka barabara kwa uangalifu usubiri matatu zinazotoka Mtwapa kwenda mjini.