Kuchagua mtaa unapohamia Nakuru kutoka Pwani: anza na maji, kodi ifuate

Somo hili ni la mtu anayehama na familia yake kutoka Mombasa, Kwale, Kilifi au Lamu kuja kuishi Nakuru. Kutoka Mombasa ni safari ya kilomita zipatazo 640, inayomtoa mtu usawa wa bahari na kumpandisha hadi mita 1,850 hivi. Mimi niliipitia mwaka 2018 nilipohamishwa kikazi. Nilipanga nyumba kwa picha nilizotumiwa kwenye simu, nikahama tena kabla ya miezi saba kwisha, na gharama ya kuhama mara mbili ilinielemea kwa mwaka mzima. Ndiyo maana nasisitiza mambo ambayo huenda mwingine akayaona madogo.

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na sensa ya 2019 ilihesabu humu watu zaidi ya 570,000. Mgeni akisikia hivyo huuliza mambo mawili, kodi na usalama. Ni maswali ya haki, lakini hapa kwetu kuna mengine mawili yanayotangulia, nayo ni maji unayokunywa na ardhi uliyojengewa nyumba.

Hatua ya kwanza: njoo mwenyewe kabla ya kulipa chochote

Panda reli ya SGR hadi Nairobi, kisha matatu hadi Nakuru, ukae siku nne au tano kwa jamaa au katika nyumba ya wageni. Dalali aliyenitumia picha hakunidanganya kwa neno hata moja. Dirisha la sebule lilikuwapo kweli, ila lilitazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono, na jua halikuingia mle ndani tangu asubuhi hadi magharibi. Mtu aliyezoea joto la Changamwe hawezi kujua maana ya nyumba isiyoona jua mpaka alale humo mwezi wa Julai.

Hatua ya pili: usome mteremko wa mji

Simama popote mjini uangalie kaskazini, utaona mlima Menengai, ambao kilele chake kina mita 2,278. Geuka kusini, liko Ziwa Nakuru. Mji wote umelala kwenye mteremko ulio kati ya hivyo viwili, na mvua ikinyesha juu, maji huteremka mitaani yakilitafuta ziwa. Milimani iko upande wa juu. Bondeni, Kivumbini na Flamingo, mitaa ya zamani, iko chini kuelekea ziwani. Magharibi kuna Kaptembwa na Rhonda, na ukizidi kwenda unafika Kiamunyi na Ngata. Mashariki, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, ndiko kuliko Free Area, Naka, Pipeline na Lanet.

Ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Tangu mwaka 2010 hivi limekuwa likipanda, likalifunika lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama, na upande wa Mwariki likawatoa watu katika nyumba zao. Kwa hiyo ukionyeshwa nyumba nzuri ya bei nafuu upande wa chini, tembea kwa miguu kutoka mlangoni hadi unapoanza kuona maji au ua wa hifadhi, kisha umuulize mwenye duka aliyekaa hapo miaka kumi maji yamewahi kufika wapi. Kuta nazo zina habari. Ardhi yetu ni majivu ya volkano yaliyoshindiliwa, na baada ya mvua kubwa hutokea mianya, mingine ya kina kirefu. Ukiuona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, mrefu na mpana kiasi cha kupitisha sarafu, usikubali kuambiwa ni plasta tu.

Hatua ya tatu: maji

Hii ndiyo nitakayoikalia zaidi.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa na kisima chake uani, na mwenye nyumba alikitaja kwa fahari, kwa sababu majirani walikuwa wakipata maji ya mfereji siku mbili kwa wiki. Maji yalikuwa maangavu, hayana chumvi hata kidogo, na sisi tuliozoea maji ya visima vya Mombasa na mitungi ya kununua kwenye mkokoteni tulimshukuru Mungu. Mwezi wa pili, jirani mmoja, mama wa makamo, alikuja kuazima ungo. Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa kibarazani akinywa maji kwenye kikombe. Yule mama akamtazama, akaniuliza maji yale yametoka wapi. Tangu tujuane, nilikuwa nimemwona daima akifunika mdomo kwa kiganja anapocheka. Siku ile alikiondoa kiganja, akanionyesha meno. Ya mbele yalikuwa na mistari ya rangi ya chai kavu, na mawili yalikuwa na vishimo vidogo kama yaliyodonolewa. “Mwalimu,” akasema, “mimi nimezaliwa hapa hapa. Huyu usimpe haya.”

Kilichomo ni floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huitoa madini hiyo ikaingia katika maji ya chini ya ardhi. Kidogo chake hulinda meno, lakini kikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na visima vingi vya huku hupita hapo. Meno ya kudumu ya mtoto hujengeka ndani ya ufizi tangu anapozaliwa hadi afikapo miaka minane hivi, na huo ndio wakati doa linapoingia. Likishaingia, mswaki hauliondoi. Floraidi haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani na kukolea zaidi.

Maji ya mfereji nayo si salama kwa jina tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya mji huu pia hutoka visimani. Bwawa la Itare, lililotarajiwa kutuletea maji ya mto kutoka Kuresoi, ujenzi wake ulikwama mwaka 2018.

Kwa hiyo usiulize kama mtaa una maji. Uliza maji ya ploti hiyo yanatoka wapi, kwa sababu visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana sana. Mwombe mwenye nyumba cheti cha maabara cha kisima chake. Asipokuwa nacho, jaza maji katika chupa safi ya plastiki, si ya glasi, uyapeleke yapimwe, nawe utaje wazi kwamba unataka kipimo cha floraidi, maana kipimo cha vijidudu ni kingine. Kisha inua macho uangalie paa: je, kuna mabati, mifereji ya kukinga na tangi? Maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika, na ploti yenye tangi kubwa la mvua ina thamani kuliko yenye vigae na geti la umeme. Yako pia machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo hunasa floraidi vizuri mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati. Ukinunua maji ya mtungi wa lita 20 dukani, muulize muuzaji kama mashine yake huondoa floraidi au huua vijidudu tu.

Hatua ya nne: pima njia kwa miguu yako na kwa saa yako

Ondoka kwenye nyumba unayoitaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi, uende hadi kazini kwa usafiri utakaoutumia. Rudi saa moja usiku. Andika muda na nauli ya safari zote mbili, kwani siku ya mvua nauli hupanda. Anayefundisha Njoro au Kabarak asipange Lanet kwa sababu tu ameambiwa ni pazuri, maana atakuwa anaukata mji mzima kila siku.

Hatua ya tano: shule, ibada, hospitali

Haya kila mzazi anajua kuyatafuta. Nitaongeza mawili tu. Mwislamu kutoka Pwani atajisikia nyumbani upesi karibu na Bondeni, mtaa wenye msikiti na Waislamu waliokaa hapa vizazi kadhaa. Na ukielekezwa PGH, yaani Provincial General Hospital, ujue ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, wenyeji wengi bado wanaiita kwa jina hilo la zamani.

Hatua ya sita: mkataba

Soma ni nani analipia gari la kunyonya majitaka, mita ya stima ni yako peke yako au mnachangia, na amana inarudishwa baada ya siku ngapi. Yaandikwe.

Maswali ya wanachama wa kundi letu waliosoma somo hili

Mwanachama wa Likoni: Shikamoo mwalimu. Mimi nina miaka 41 na ninakuja peke yangu. Meno yangu yataharibika?

Marahaba, mdogo wangu. Meno yako yalishamaliza kujengeka, hayatapata doa hilo. Hata hivyo floraidi nyingi ikinywewa kwa miaka mingi hudhuru mifupa na viungo, kwa hiyo maji ya kunywa na ya kupikia yatafute yaliyo safi. Ya kuoga na kufua yasikusumbue.

Mwanachama wa Malindi: Fedha zangu ni chache. Si afadhali nichukue ya bei ya chini kwanza, mengine yatafuata?

Fanya hesabu hii, dada. Tuseme nyumba moja ni shilingi 9,000 na nyingine 12,000. Kama ile ya kwanza inakulazimu kununua maji ya kunywa ya shilingi 1,500 kwa mwezi na kuongeza nauli ya shilingi 100 kwa siku, kwa siku 22 za kazi umeshafika 12,700. Ya bei ya chini imekuwa ndiyo ghali. Jumlisha kodi, maji na nauli kwa kila nyumba kabla ya kulinganisha.

Mwanachama wa Msambweni: Mwanangu ana pumu. Je, ataiweza hali ya hewa?

Muulize kwanza daktari wake, mama. Kuhusu nyumba, baridi ya usiku mwezi Juni na Julai ni kali kwa mtoto wa Pwani, lakini vumbi la Januari na Februari ndilo ninaloliogopea zaidi. Jina Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la vumbi. Tafuta nyumba isiyopakana na barabara ya udongo inayopitwa na pikipiki mchana kutwa, na yenye madirisha ya mashariki ili jua la asubuhi likaushe kuta.

Mwanachama wa Kaptembwa: Mwalimu, kwa heshima, umewatisha wageni. Wengi wetu tunaishi mitaa ya chini na magharibi, tumelea watoto, na majirani zetu hawatuachi.

Umesema kweli, ndugu yangu, nami napokea. Sikusema mitaa hiyo ikimbiwe. Yule mama aliyeniokolea mtoto anaishi upande huo huo, na hapa mjini sijapata jirani aliyenifaa kama yeye. Ninachoomba ni kwamba kila ploti ikaguliwe kivyake, hata iwe Milimani.

Mwanachama wa Voi: Nije kutafuta nyumba mwezi gani?

Shule zikifungwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea. Utaona maji yanakopita, paa linalovuja, na njia inayogeuka tope. Nyumba tunayokaa sasa niliifikia kwenye mvua, viatu vimelowa, na mwenye nyumba alinipeleka kwanza nyuma kulitazama tangi likijaa, ndipo akanifungulia sebule.