Habeas corpus mahakama ya shirikisho Marekani: hesabu siku kabla hujashika kalamu

Habeas corpus ni ombi la mfungwa kwa mahakama ichunguze kama kifungo chake ni halali. Mama mmoja, mwanawe amefungwa na mahakama ya jimbo, alinijia na bahasha tatu za makaratasi na swali moja: "Mwanangu, tumechelewa?" Tulikesha hadi saa nane usiku kulijibu. Naandika ili wewe usikeshe.

Hatua ya 1: Maliza ngazi za jimbo. Kila hoja iwe imepitia mahakama za jimbo mpaka ya juu kabisa. Hoja moja ambayo haijapita huko inaweza kulirudisha ombi zima.

Hatua ya 2: Hesabu mwaka. Sheria ya 1996 inampa mfungwa mwaka mmoja tu wa kufungua ombi hili. Kazi ni kujua unaanza lini. Hauanzi siku aliyohukumiwa. Kwa kawaida unaanza rufaa ikiisha. Kama alifika mahakama ya juu ya jimbo, ongeza siku 90 za kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, hata kama hakwenda. Kama hakufika ile ya jimbo, siku 90 hizo hana. Mwaka unaanza pale muda wa kwenda mahakama ya juu ya jimbo ulipokwisha.

Chukua kalenda ya karatasi na kalamu. Programu za simu siziamini kwa kazi hii, kwa sababu hazikuonyeshi ulipokosea. Tuseme mahakama ya juu ya jimbo ilimkatalia 10 Januari 2023. Siku 90 zinaishia 10 Aprili 2023, na mwaka unaishia 10 Aprili 2024. Soma tarehe ya uamuzi wenyewe. Yule mama alikuwa anahesabu kutoka kwenye muhuri wa posta wa bahasha, siku kumi na moja mbele.

Sasa, tuseme 10 Oktoba 2023 alifungua maombi mengine jimboni, ya kupinga hukumu baada ya rufaa. Saa inasimama. Lakini inasimama tu, hairudi mwanzo: miezi sita imeshaliwa, imebaki sita. Wengi wanadhani wamepewa mwaka mpya, na hapo ndipo wanapopotea. Tena, maombi ya jimbo yaliyofunguliwa nje ya muda hayasimamishi chochote. Na ombi lenyewe la shirikisho, likiwa linasubiri mezani kwa jaji, nalo halisimamishi saa. Likitupwa kwa sababu ya Hatua ya 1, muda unaweza kuwa umekwisha.

Tulipomaliza, yule mama alikuwa na siku 41.

Hatua ya 3: Jaza fomu ya mahakama. Usitunge barua. Mjibu maombi ni mkuu wa gereza. Chini ya kila hoja andika nani alifanya nini na lini, maana jaji hulipitia ombi kwanza peke yake na anaweza kulitupa kabla jimbo halijaulizwa neno. Ada ni dola 5. Mfungwa asaini mwenyewe.

Hatua ya 4: Posta ya gereza. Tangu 1988, inayohesabiwa ni siku mfungwa aliyokabidhi bahasha kwa askari wa gereza. Aandike tamko lenye tarehe hiyo na kwamba stempu imelipiwa.

Hatua ya 5: Baada ya hapo. Hakimu anayemsaidia jaji akipendekeza ombi likataliwe, kuna siku 14 za kupinga. Jaji akikataa, siku 30 za kutoa taarifa ya rufaa, na rufaa yenyewe inahitaji kibali. Akihamishwa gereza, aiandikie mahakama anwani mpya siku hiyohiyo.