SOMO: Picha za vijiwe vya ziwani, na kwa nini vyako vinadondoka

Wakuu, salaam. Picha ninazosema ni zile za kupanga vijiwe na kuvigandisha kwenye ubao. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Picha yangu ya mawe imeanza kudondoka, nifanyeje?" Naliweka jibu hapa lote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mawe yangu nayaokota Matema, upande wa Lyulilo, pale milima ya Livingstone inaposhuka hadi Ziwa Nyasa na mchanga unageuka kuwa vijiwe. Kama wewe uko ziwa jingine, kazi ni hiyohiyo.

1. Okota nchi kavu, kwenye mstari wa vijiwe vilivyosukumwa na mawimbi. Mabapa ni ya miili na mitumbwi, madogo ya duara ni vichwa. Kikapu kimoja kinatosha picha tatu.

2. Osha kwa sabuni na mswaki mkuukuu mpaka ule utelezi wa kijani uishe.

3. Panga picha nzima juu ya ubao bila gundi, kisha ipige picha kwa simu. Ubao uwe plaiwudi ya milimita 9 au zaidi. Ile nyembamba inapinda, na ikipinda inabandua mawe.

4. Kukausha na kugandisha. Hapa tafadhali soma polepole. Picha yangu ya kwanza ya maana nilimpa mama mdogo, yupo Kyela: mwanamke wa Kikisi na chungu kichwani, anashuka kwenye mtumbwi. Nilitumia gundi nyeupe ya mbao. Kiangazi chote ilikaa vizuri ukutani. Zilipokuja mvua za masika, na mvua za Kyela mnazijua, chungu kilidondoka usiku, kesho yake kichwa, halafu mtumbwi. Mama mdogo aliokota kijiwe kimoja kimoja, akavifunga kwenye leso, akanirudishia bila neno. Gundi ile inalainika ikipata unyevu. Tena jiwe la mtoni na ziwani lina uso laini na halinywi gundi kama mbao, kwa hiyo gundi ilikuwa imeshika vumbi tu.

Basi fanya hivi. Anika mawe juani siku tatu. Ukitaka uhakika, yafunge ndani ya chombo cha kioo, kiweke juani kwa muda wa saa mbili. Kioo kikiingia ukungu, bado. USIYAKAUSHE JIKONI WALA MOTONI. Maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka, vipande vikakurukia machoni. Yakikauka, kwangua mgongo wa kila jiwe kwa msasa, futa kwa spiriti. Gundi ni epoksi, ile ya tyubu mbili, na chagua inayokauka taratibu, siyo ya dakika tano. Changanya sawa kwa sawa, kidogo kidogo, mahali penye hewa, na glavu mkononi. Gandisha, laza ubao, usiuguse mpaka kesho.

5. Vanishi ukitaka. Paka mara moja, nyembamba. Jiwe likiwa na unyevu vanishi inapauka kama maziwa.

MASWALI

Mzee wa Fasta: Mkuu nina gundi ya mbao hapa nyumbani, inafaa?

Jibu: Hatua ya 4.

Mzee wa Fasta: Nimeiona, ila nikiweka nyingi?

Jibu: Hata ndoo nzima. Hapana.

Binti Ipinda: Kaka shikamoo. Kwa nini kijiwe kikiwa majini kina rangi nzuri, nikifika nacho nyumbani kimepauka?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri hili. Uso wa jiwe una vishimo vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Jiwe likikauka, mwanga unagonga vishimo hivyo na kutawanyika kila upande, ndiyo weupe unaouona. Maji yakivijaza, mwanga unapenya na rangi inatoka. Vanishi inafanya kazi hiyohiyo ya maji. Ila jaribu kwanza kwenye jiwe moja. Mawe meusi yananoga, ya kijivu mimi nayaacha yalivyo, yakipakwa yanaonekana kama plastiki.

Mwana Rock City: Huku Mwanza tuna majabali ya granaiti, vipande vyake vina chenga. Vinafaa?

Jibu: Kwa picha za kugandisha vinasumbua, havilali bapa. Lakini ule ulanga unaomwekamweka ndani yake ni mzuri, tumia kipande kimoja kama jua au mwezi. Na wewe wa Ziwa Victoria, kichocho usikisahau. Vimelea vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi ukisimama majini tu. Kama umeshaingia sana, kapime. Dawa ipo.

Bosi Kokoto: Nataka kuchukua Kenta moja niuze mjini. Nipitie njia gani?

Jibu: Sijaandika somo la kuuza kokoto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na madini ya ujenzi yana leseni yake. Tena wenyeji wa ufukwe wanakuona. Kikapu kimoja, nimesema.

Fundi Seremala: Nyongeza: fremu tumieni vipande vya mninga vinavyobaki karakana, mnaokota bure. Na picha ya mawe ni nzito, msumari hautoshi. Toboa ukuta, weka fisha (kile kiplastiki kinachoshika skrubu) na skrubu mbili.

Jibu: Asante fundi. Hilo la fisha nililisahau na ni muhimu.

Binti Ipinda: Kaka, nimepata kijiwe kimoja kama ndege aliyekunja mabawa, mpaka mdomo anao. Nimgandishe wapi?

Jibu: Usimgandishe bado. Mweke dirishani. Nami nilikuwa na mmoja, nilikaa naye miezi saba mpaka nilipookota tawi lake.