Jinsi ya kupiga bei ya kutengeneza gari la zamani la jeshi lenye cheni bila kula hasara

Mafundi wa Mombasa tumezoea kupiga bei kwa macho na masikio. Probox ikiingia gereji Changamwe, ukishasikia mlio tu unamwambia mteja lete elfu nane na spea ununue mwenyewe. Sasa siku mtu akikuletea Universal Carrier, ile wengi huita Bren Carrier, kigari cha Waingereza cha Vita vya Pili vya Dunia, hesabu ya macho iache nje ya geti. Usitaje bei ya kazi nzima kabla hujafungua, taja bei ya kufungua peke yake.

Yani kitu cha kwanza unachouza ni ukaguzi, na unalipwa hata mteja akiamua kuishia hapo. Mwambie mapema kabisa, bosi, hii ni ya kufungua, kusafisha, kupima na kukuandikia ripoti, kutengeneza ni hesabu nyingine. Akikataa kulipia ukaguzi basi shukuru Mungu, manake huyo hata bei ya mwisho angekuzungusha.

Injini ndo inawamaliza watu. Ni Ford V8, na hiyo V8 vali zake zimekaa ndani ya bloku si kwa silinda hedi, halafu moshi wa moto unapita humo humo kwa bloku ukipakana na maji ya kupoza, kwa hivyo inachemka haraka na bloku hupasuka karibu na vali. Ufa wenyewe kwa nje huuoni mpaka hedi zitoke, bloku ioshwe na ipimwe kwa presha. Sasa ukiwa ushasema laki na nusu mambo yote, ufa ni wako. Andika bei mbili: ya bloku nzima, na ya bloku yenye ufa, hiyo ya pili iseme wazi kwamba bloku nyingine mteja ndo ananunua.

Cheni nayo ina uzuri wake, inahesabika. Kutoa cheni nzima ni kung'oa pini moja tu, hiyo usiipigie bei ya kutisha. Lakini mteja akitaka pini zote zibadilishwe, chukua pini kumi kwanza, zipige mafuta, ziache zilale, kesho yake anza kuzitoa ukiangalia saa. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu haina huruma, pini nyingine itakubali nyundo, nyingine itataka gesi mpaka iwe nyekundu. Tuseme kumi zimekula masaa mawili, na umehesabu viungo vya upande mmoja ukapata 170, kila kiungo na pini yake. Hiyo ni masaa 34, pande zote mbili 68. Kama saa yako na msaidizi ni shilingi 1,000, leba ya pini peke yake ni 68,000, na hapo hujagusa gesi wala rola. Mteja akishangaa mwonyeshe zile pini kumi, atanyamaza.

Hiyo bei ya saa yenyewe usiiokote hewani. Weka kodi ya gereji, stima, mshahara wa kijana, na vyombo vinavyoliwa na kazi. Bodi ya hii gari ni chuma cha kuzuia risasi, drili biti za kawaida zinaisha kabla ya chai ya saa nne, na ukichomelea ovyo kinapasuka pembeni ya weldi. Zile zilizotengenezwa Uingereza pia zina bolti nyingi ambazo spana za milimita hazikai, utalazimisha uharibu kichwa cha bolti. Spana zinazokaa ukizinunua kwa kazi hii, sehemu ya gharama iingie kwa bei.

Breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, kwa hivyo usipulize vumbi lake kwa kompresa, na geji za enzi hizo huenda zina rangi ya rediamu, ile yenye mionzi hatari, hizo usizifungue kabisa. Ukikuta risasi au kitu kama bomu, simama, toa watu, piga simu polisi.

Spea hazipo Kongowea. Zinatoka nje, na kule bandarini ushuru unapigwa juu ya bei ya spea pamoja na usafiri na bima, halafu VAT ya asilimia 16 inakuja juu yake. Pauni nayo inapanda na kushuka, kwa hivyo andika bei inasimama wiki mbili tu. Pesa ya spea chukua yote mbele, manake mteja akitoroka ukabaki na sproketi ya Bren Carrier utamuuzia nani?

Usafiri uandike mstari wake peke yake kwenye bei. Kama gari iko Diani, lobedi, lile lori la kubeba mizigo mizito, ipitie barabara ya Dongo Kundu isipande feri.

Leba igawanye: kufungua, injini, cheni, kufunga, na kila hatua ilipwe kabla ya inayofuata. Malipo ya mwisho ni siku ya kujaribu, mteja akiwepo. Geuza usukani kidogo, cheni zipinde gari ikate kona ya taratibu, halafu geuza zaidi mpaka breki ishike upande mmoja. Fanya kulia na kushoto, aone mwenyewe, atume M-Pesa, ndo uite lobedi.