Uvimbe wa kinena kwa mtoto mchanga wa kike: itafute ovari kwanza

Binti wa wiki chache akiletwa kupimwa kwa ultrasaundi kwa sababu ya uvimbe kinenani, hasa aliyezaliwa njiti, usiwaze utumbo peke yake. Mfereji wa Nuck, njia nyembamba inayotoka tumboni na kushuka hadi kwenye shavu la uke, usipojifunga huweza kupitisha ovari, mrija wa uzazi, na mara chache hata mji wa mimba.

Hatua ya 1: Anza na nyonga. Kibofu kilichojaa ndicho dirisha lako, na mtoto mchanga akifunguliwa nepi hukojoa papo hapo. Pasha jeli joto kwanza, kisha utazame mji wa mimba na ovari zote mbili. Ukiona moja tu, huenda nyingine iko kinenani.

Hatua ya 2: Chukua proba bapa ya megahezi 10 hadi 15. Usikandamize, mkono mzito huirudisha henia (kiungo kilichopenya nje ya tumbo) ndani, nawe ukaandika kwamba hakuna kitu. Mtoto akilia, endelea kupima, kwa sababu kilio huisukuma nje. Fuata shingo ya uvimbe hadi inapoingia tumboni.

Hatua ya 3: Tambua kilichomo. Ovari ni ya mviringo, ina vijifuko vyeusi vya maji. Utumbo una tabaka na hewa, na mara nyingi utauona ukijongea. Tezi limfu ina sehemu nyeupe katikati, inapoingilia mishipa ya damu. Maji matupu yanaweza kuwa yamenaswa kwenye mfereji tu.

Ukikuta kinyama kigumu cha rangi moja kisicho na vijifuko, na mji wa mimba hauonekani, fikiria korodani, ingawa kwa nje mtoto ni wa kike. Mpigie daktari. Tafadhali usimtamkie mama hapo kitandani. Jambo hilo linahitaji vipimo vya kromosomu na mazungumzo ya faragha.

Hatua ya 4: Washa dopla ya rangi, inayoonyesha mtiririko wa damu, ushushe kipimo cha kasi na kichujio, maana damu ya ovari changa hutembea polepole. Linganisha na ovari ya upande wa pili. Iliyovimba, vijifuko vikiwa vimesukumwa pembeni, huenda imejinyonga, yaani imejisokota, hata kama bado unaona damu kidogo.

Ripoti itaje kilichomo, kama kinarudi ndani, na hali ya damu. Ovari isiyorudi usiisukume kwa nguvu: mwite daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hata kama mtoto ananyonya vizuri na halii.