Misimu bila theluji: kupanga kalenda ya ibada za maumbile Uganda

Gurudumu la Mwaka, kalenda ya sherehe nane wanayoifuata wapagani wengi wa siku hizi, yaani waabudu maumbile, limetoka Uingereza, ambako mwezi Desemba giza huingia alasiri. Ukilifuata kama lilivyo ukiwa Kampala au Mbarara, tarehe 21 Desemba utawasha moto wa kuliita jua lirudi, na jua lenyewe halijaenda popote: hapa siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata dakika tano. Tarehe ziache, shika maana yake. Mwaka wetu hugeuzwa na mvua, na mwendo wa jua husomwa kwenye kivuli.

Anza na kivuli. Simika kijiti chenye urefu wa mita 1 juu ya ardhi tambarare, ukikinyoosha kwa timazi, yaani uzi uliofungwa jiwe. Kikiinama digrii 1 tu, tayari una karibu sentimita 2 za uongo. Usipime saa sita kamili, kwa kuwa saa zetu zimewekwa kwa kufuata nchi zilizo mashariki zaidi. Kampala jua hufika juu kabisa karibu saa sita na dakika hamsini. Mnamo 20 Machi (saa saba kasoro dakika tatu) na 23 Septemba (saa sita na dakika arobaini na mbili) kivuli karibu kinapotea. Tarehe 21 Juni huangukia kusini, kama sentimita 43, na 21 Desemba huangukia kaskazini, kama 44. Weka jiwe kila ncha ya kivuli ilipofika, na hapo una uwanja wa ibada ambao hakuna aliyekuchorea. Ukipenda kusimama kwenye ikweta yenyewe, iko Kayabwe, barabara ya Masaka. Yale maji yanayozungushwa kwenye mabeseni kuonyesha kaskazini na kusini ni mchezo wa kupokea watalii, usiyaingize kwenye ibada.

Mvua ndiyo yenye kazi. Kusini mwa nchi ipo misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa hiyo una milango minne: mvua kuingia mara mbili, na kiangazi kuingia mara mbili. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, msimu wa mvua ni mmoja, takriban Aprili hadi Septemba. Huko fanya milango miwili, usilazimishe minne.

Kosa linalojirudia ni kusherehekea manyunyu ya kwanza. Wiki moja baadaye jua linachoma, mbegu zimekufa, na shukrani zimeshatolewa. Weka uwanjani kopo lenye kuta zilizonyooka, mbali na mti na paa, upime kwa rula kila asubuhi. Milimita 20 zikijikusanya ndani ya siku tatu, panga sherehe. Lakini subiri siku kumi nyingine uone kama mvua imeshika kabla ya kupanda shamba zima. Siku ya sherehe panda mashimo machache tu: maharage mawili au matatu kila shimo, kina cha sentimita 4. Maji ya ibada yakinge kwa chungu kilichoachwa wazi, kwa sababu yale ya paa la mabati hubeba vumbi na mavi ya ndege. Radi ikianza kunguruma, ingieni ndani, hata kama maombi hayajaisha. Mti uliosimama peke yake ndio mahali pabaya kuliko pote.

Karamu hufuata kinachotoka ardhini: kumbikumbi na uyoga mvua zinapoingia, senene mwezi Novemba, ambao kwa Kiganda unaitwa Musenene. Kabla ya kupakua, waulize wageni miziro yao. Mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, wa Butiko hali uyoga, na kumtengea sahani hiyo ni kumvunjia heshima mbele za watu.

Wengi hutandika lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Chaguo zuri, na gome huchunwa wakati wa mvua, hivyo kipya hupatikana msimu huo. Ila lubugo ni sanda pia. Mwenye nyumba akikikuta kimetandikwa bila kuambiwa, anaweza kudhani kuna msiba.

Maporomoko ya Ssezibwa na mti wa Nakayima kule Mubende si mali ya kila mpita njia. Ni mahali pa dini iliyo hai yenye walinzi wake. Vua viatu, omba ruhusa, weka sadaka pale unapoelekezwa, na usibandike mshumaa kwenye mizizi.

Moto wa kiangazi uwashe ndani ya shimo, fyeka nyasi mita 3 kuzunguka, na jerikani ya lita 20 iwe imejaa pembeni. Januari na Februari nyasi zimekauka, upepo ukikaza ahirisha.

Sheria ya Uchawi ya 1957 inatamka kwamba ibada ya kweli ya mizimu si uchawi, lakini jirani anayesikia ngoma usiku hajaisoma. Mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, siku moja au mbili kabla, mweleze mtakuwa wangapi, na mwishe kabla ya saa nne usiku.