Kumpokea mtoto mwenye usonji au ADHD katika shule ya Jumapili

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyeambiwa kwamba wiki ijayo atapata mtoto mwenye usonji (autism: ubongo unaopokea mazingira na mawasiliano kwa namna tofauti), ADHD (ugumu wa kutulia na kuzingatia) au ugumu wa kusoma. Huhitaji kuwa mtaalamu. Kinachobadilika kwanza ni darasa, si mtoto.

Hatua ya 1: Ongea na mzazi mapema
Usimkamate mlangoni watu wakipita. "Ana tatizo gani?" ni swali lisilokusaidia sana. Uliza: anapenda nini mno? Kinachomkera ni sauti, harufu, kuguswa? Akianza kuzidiwa, dalili ya kwanza ni ipi, na nyumbani mnamtulizaje? Akitaka choo anaonyeshaje? Majibu yaandike kwenye karatasi moja, ayaone msaidizi wako tu. Na niseme wazi: usonji hauletwi na malezi mabaya, wala si pepo. Ukimkemea mtoto mbele ya watu kwa jina la maombi, umemtisha, na mama yake hutamwona tena.

Hatua ya 2: Kagua chumba
Kaa sakafuni usikilize kama mtoto. Spika iko karibu kiasi gani? Taa inamemeteka? Mweke mbali na spika, na kama ana tabia ya kukimbia, mbali na mlango. Kwenye kona moja tandika mkeka, weka mto, kitu cha kuminya mkononi na vizuia kelele vya masikioni. Mtoto yeyote aruhusiwe kukaa hapo. Ukimpeleka mmoja huko kama adhabu, hata mara moja, kona hiyo imekufa.

Hatua ya 3: Tengeneza ratiba ya picha
Chora picha tano: wimbo, sala, hadithi, kazi ya mikono, kwenda nyumbani. Zibandike kwa mfuatano. Kila kipindi kikiisha, mtoto abandue picha yake. Mkumbushe dakika 5 kabla ya kubadilisha shughuli, kisha dakika 1. Vurugu nyingi tunazoziita utundu huanzia kwenye mabadiliko ya ghafla.

Hatua ya 4: Chuja maneno yako
Hapa walimu wengi hatujiangalii. Chukua Ufunuo 3:20, "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Ukiongeza kwamba mlango huo uko moyoni, mtoto anayepokea maneno kama yalivyo atajipapasa kifua akiutafuta, au ataogopa kwamba kuna mtu anataka kuingia. Sema: "Yesu anataka kuwa rafiki yako. Hakulazimishi." Maneno ya kuoshwa kwa damu ya Yesu yasubiri kwanza. Sentensi fupi, halafu nyamaza kidogo; wengine huhitaji muda kabla ya kujibu.

Hatua ya 5: Uache mwili wake
Usidai akutazame machoni wala afumbe macho wakati wa sala. Kupunga mikono au kujibembeza humtuliza. Asiyetulia kitini mpe kazi: agawe karatasi, akusanye penseli. Mwenye ugumu wa kusoma usimwinue asome aya kwa zamu. Ajifunze mstari wa kukariri kwa kuuimba.

Hatua ya 6: Akilipuka
Mtoto aliyezidiwa hakufanyii kiburi, na hasikii mahubiri. Punguza sauti, zima muziki, watoe wenzake nje badala ya kumburuta yeye. Usimshike isipokuwa yuko hatarini. Wawepo watu wazima wawili daima. Akitulia, mpe maji na muendelee bila kumhoji.

Hatua ya 7: Akichukuliwa, na siku za sherehe
Mzazi huyu amezoea kuitwa pembeni kupewa malalamiko. Mwambie jambo moja mahususi: "Leo amepanga wanyama wote wa safina wawiliwawili." Igizo la Krismasi lifanyie mazoezi jukwaani kwenyewe, na mpe nafasi isiyo na maneno, kama kubeba nyota. Vazi likimwasha avae nguo zake; mchungaji wa kondoo mwenye fulana hajawahi kuharibu igizo la mtu.